Nimemaliza Ordinary Girls ya Jaquira Díaz, njooni tuijadili (natoboa hadithi, msiseme sikuwaambia)

Bibi Msomaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wapenzi wa vitabu sogeeni, wengine mnaruhusiwa kupita kimya kimya.

Kuna tawasifu inaitwa Ordinary Girls, imetoka Marekani mwaka 2019, mwandishi Jaquira Díaz. Mwaka uliofuata mwandishi akapata tuzo ya Whiting, ile ya Marekani ya waandishi wanaochipukia. Kitabu chenyewe kilifika pia orodha ya mwisho ya tuzo za Lambda, zile za vitabu vinavyohusu watu wa mapenzi ya jinsia moja.

Kwa ambao hawajaisoma, hadithi ni hivi. Binti amezaliwa Puerto Rico, baba mweusi, mama mweupe. Utoto wa mwanzo ni Humacao, mashariki ya kisiwa, kwenye maghorofa ya serikali ya watu wa hali ya chini yanayoitwa El Caserío Padre Rivera. Baba anauza unga, yaani madawa ya kulevya, na ndiye huyo huyo mwenye vitabu vya mashairi ndani. Wakahamia Miami Beach, ndoa ikavunjika, mama akaugua skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia na kuona visivyokuwepo) na juu yake akaingia kwenye madawa ya kulevya. Watoto wakalelewa na barabara. Binti kapigana, kawekwa ndani, kajaribu kujiua akiwa bado mtoto (kama jambo hili linakugusa, zile sura soma ukiwa na mtu karibu), kaacha shule, kaolewa mapema, kaingia jeshi la majini. Muda wote huo anapenda wanawake na hana wa kumwambia.

Sasa hoja yangu. Wengi wanaokisifia kitabu hiki wanakisifia kwa huzuni yake. Wanahesabu misiba mmoja mmoja, halafu wanashangaa dada wa watu alivyotoka salama. Usomaji huo naukataa. Kwangu mimi hiki ni kitabu cha mashosti. Waondoe wale wasichana wa Miami Beach, hakuna kitabu. Leo wanalala kwa huyu, kesho kwa yule, wanakunywa, wanacheza muziki ufukweni, na akiguswa mmoja wanaingia wote ugomvini bila kuuliza nani kaanza. Hakuna mtu mzima wa kuwalinda, basi wanalindana, vibaya vibaya hivyo hivyo. Mapenzi yake kwa wanawake yanachipukia humo humo. Kumtazama shosti akicheza na kumtazama msichana anayempenda anakuandika kwa sauti ile ile, na msomaji hupewi alama ya mahali urafiki ulipoishia. Wapo waliolalamika kwamba suala hilo kaligusa juu juu. Mimi naona limesambaa kitabu kizima, ila halikujengewa chumba chake.

Kingine ni bibi zake wawili. Hapa naomba mnivumilie maana ndipo nilipokaa sana.

Bibi mzaa mama ni mweupe, na anamsema mjukuu wake nywele. Siyo utani wa bibi na mjukuu, ni kumchambua mtoto mbele ya watu, arudie tena kesho. Kaka yake aliyetoka na rangi ya kupauka anapewa mapenzi yote. Yeye aliyechukua kwa baba anaambiwa waziwazi kwamba huo weusi ni kasoro. Bibi mzaa baba ni mweusi, na kwake ndiko watoto wanakokula na kulala. Puerto Rico wana shairi maarufu la Fortunato Vizcarrondo, la miaka ya 1940, ambalo msemaji anamgeukia mtu anayemcheka kwa weusi na kumuuliza: na bibi yako je, yuko wapi? Jibu ni kwamba kamficha jikoni wageni wasimwone. Díaz kafanya kinyume chake. Bibi mweusi ndiye kamweka sebuleni mwa kitabu.

Na kinavyofunguka! Hakianzi na mama wala ugomvi. Kinaanza mwaka 1985 katika mji wa Ciales, mtoto yuko na baba yake kwenye mazishi ya Juan Antonio Corretjer. Huyu alikuwa mshairi na mzalendo aliyefungwa na Wamarekani pamoja na Pedro Albizu Campos kwa kudai uhuru wa kisiwa. Muuza unga anampeleka mtoto wake kumzika mshairi. Niliposoma kurasa zile nilijua sitakiweka chini.

Haya, leteni maneno. Waliokisoma mnaonaje?

Mtu wa Kigamboni

Bibi Msomaji salaam. Nimekisoma, na nitakuwa mkorofi kidogo.

Uandishi wa sentensi sina ugomvi nao, dada anajua. Ugomvi wangu ni mpangilio. Ukurasa huu ana miaka minane, ukigeuza ana kumi na tano, ukigeuza tena yuko jeshini, halafu tunarudi kwa mama yule yule, kichaa kile kile, utadhani hatukuambiwa. Sababu inajulikana: sehemu kubwa zilitoka kwanza majaridani kama insha zinazojitegemea, ndipo zikaunganishwa. Mshono unaonekana. Mhariri alitakiwa kukata.

Na hilo la mashosti, nakubali nusu. Wale wasichana wanapendeza kama kundi, lakini nikikuuliza huyu alitofautianaje na yule, utanijibu? Mimi walinichanganya.

Mswahili Halisi

Kwa hiyo siku hizi tunakaa kujadili wasagaji wa Marekani? Maadili yetu yako wapi jamani. Vitabu vya kwetu vimeisha?

Bibi Msomaji

Mswahili Halisi, karibu, na vya kwetu havijaisha, fungua uzi nitakuja kuchangia. Huu ni wa kitabu hiki. Kama una neno kuhusu mama anayeugua mbele ya watoto wake, au bibi anayemchukia mjukuu kwa nywele, lete. Kama huna, jukwaa la michezo liko jirani na leo kuna mechi.

Mtu wa Kigamboni, la kurudia nakujibu hivi. Mama anaugua, anapata nafuu, anatoweka, anarudi, anaugua tena. Ungependa aandikweje kwa mstari ulionyooka? Mtoto wa mzazi wa namna ile haishi "kwanza, pili, tatu". Kila akidhani yameisha, mlango unagongwa. Mhariri angekata marudio angebaki na mama aliyeugua mara moja, na huo ungekuwa uongo.

La wasichana kufanana: soma tena sura iliyobeba jina la kitabu. Wamefanana kwa sababu anasema "sisi" pale ambapo tawasifu nyingine zingesema "mimi".

Nesi Mstaafu

Wanangu, shikamooni siwapi, nawasalimu tu. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili kwa muda mrefu, kitabu hiki nilipewa na binti yangu.

Nianze na kilichonifurahisha. Kila kitabu chenye mgonjwa wa akili huwa nakisoma nikitafuta uongo, na humu nimeukosa. Mgonjwa wa skizofrenia hawi "kichaa" saa ishirini na nne. Asubuhi anakupikia, anakusuka, anakuchekesha. Jioni anakuambia kuna watu ndani ya nyumba, na anawasikia kweli. Kinachomuumiza mtoto zaidi ni kwamba mama yule wa asubuhi hajafa. Angekuwa amekufa mtoto angelia yaishe. Díaz anampenda mama yule na anamchukia, yote kwenye ukurasa mmoja, na hataki kuchagua. Wodini nimewaona watoto wa namna hiyo. Hawalii. Wanakaa kwenye benchi la nje kama watu wazima, wameshika mfuko wa nguo za mama.

Kilichonikera ni kwamba madawa ya kulevya na ugonjwa vimesukwa pamoja kiasi kwamba msomaji asiyejua atadhani unga ndio ulioleta ugonjwa. Skizofrenia inampata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani, na wengi wao hawajawahi kugusa unga. Bangi na vingine vinaweza kuiamsha au kuizidisha, lakini siyo kwamba kila mgonjwa kajitakia. Nasema hivi kwa sababu kwetu lawama hiyo tunaijua: "kavuta huyo".

Halafu kuna ile hofu ya binti kwamba naye atakuwa kama mama. Siyo hofu ya kijinga. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa uwezekano wake ni karibu asilimia 10, wakati kwa watu wa kawaida haufiki hata moja. Maana yake pia ni kwamba tisa kati ya kumi hawaugui, lakini nenda kamwambie hivyo mtoto anayemsikia mama anabishana na ukuta.

Kalamu Nyeusi

Nesi, umenigusa, mama yangu.

Mimi niseme wazi kwamba ni mtu wa dini, na hilo la mapenzi yake sikubaliani nalo. Lakini nilikisoma chote. Yule bibi mweupe ndiye aliyenitoa machozi kuliko yote. Nina swali: hivi mtu anakuwaje mbaguzi ndani ya familia yake mwenyewe, kisiwa ambacho wote wamechanganyika?

Bibi Msomaji

Kuchanganyika ndiko kulikoleta upimaji. Utumwa Puerto Rico ulifutwa mwaka 1873. Vizazi vilivyofuata vikafundishwa kwamba kuoa au kuolewa na mweupe ni kuisafisha mbegu. Sasa bibi wa watu binti yake mweupe kampenda mweusi, mtoto katoka na nywele za kipilipili. Kila akimtazama mjukuu anaona hasara.

Kuna takwimu moja inaonyesha jinsi kisiwa kilivyokuwa kinajidanganya. Sensa ya mwaka 2010, karibu asilimia 76 ya watu wa Puerto Rico walijiandika kuwa ni weupe na hakuna zaidi. Sensa ya 2020 waliojiandika hivyo wakashuka hadi asilimia 17 hivi. Watu hawakubadilika rangi kwa miaka kumi! Fomu ilibadilishwa kidogo, na mjadala kuhusu weusi ulishapamba moto kisiwani. Díaz ni mtu wa kizazi hicho cha mjadala, ila yeye anaandika habari za miaka ya 1980, pale ambapo hakuna aliyekuwa anathubutu kusema neno mbele ya bibi.

Mkaazi wa Florida

Habari za huko nyumbani. Mimi nipo Florida muda mrefu, saa moja hivi kwa gari kutoka Miami Beach, naomba niwachoree mahali penyewe maana mnaposikia Miami Beach mnawaza filamu.

Ule mji aliokulia Díaz siyo huu wa watalii. Miaka ya 1980 upande wa kusini ulikuwa wa wazee wastaafu, wengi Wayahudi waliotoka kaskazini, wakiishi kwenye vihoteli vilivyochakaa. Mwaka 1980 wakaingia Wakuba kwa mashua kutoka bandari ya Mariel, watu wapatao 125,000 ndani ya miezi michache, na wengi wa waliokosa ndugu waliwekwa kwenye majengo hayo hayo ya bei rahisi. Kisha matajiri wakayagundua yale majengo ya mtindo wa miaka ya 1930, wakayapaka rangi za pipi. Mbunifu wa mavazi Gianni Versace alinunua jumba lake pale ufukweni mwaka 1992. Kwa hiyo wakati hawa wasichana wanakunywa pombe ufukweni hawana nauli ya kurudi nyumbani, mitaa michache tu kutoka pale wanamitindo wanapigwa picha. Yeye halalamikii hilo sana, ila mimi kila nikipita pale nawaza.

Jingine. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kilitua Yabucoa, jirani kabisa na Humacao. Ile picha iliyozunguka dunia, maandishi makubwa barabarani ya kuomba maji na chakula, ilipigwa Punta Santiago, na hapo ni Humacao hiyo hiyo ya kitabu. Serikali kwanza ilitangaza vifo 64, mwaka uliofuata ikakubali 2,975. Huku Florida tulipokea watu wengi. Nilifanya kazi na mama mmoja wa kutoka kule, siku ya kwanza kaleta wali wa mbaazi wa kwao, nikamwambia dada, hiki chakula nimekula tangu nazaliwa. Hakuniamini.

Mtu wa Kigamboni

Sawa Florida, umenipa picha. Sasa Bibi Msomaji hajagusa kabisa kile kisa cha mtoto aliyeuawa. Kile kimo humo kinafanya nini? Niliona kama kapachika habari ya gazeti ili kuongeza chumvi.

Bibi Msomaji

Nilikuwa nakisubiri kuulizwa. Kwa wasiojua: Novemba 1990 palikutwa maiti ya mtoto wa miaka mitatu vichakani, nje ya nyumba moja Miami Beach. Ameteswa kwa muda mrefu, uzito wake wa mtoto mdogo kabisa. Hakujulikana ni nani, polisi wakamwita kwa picha ya pipi za vijiti iliyokuwa kwenye fulana yake. Baadaye wakakamatwa mama yake na mwanamke aliyekuwa akiishi naye kama mwenza. Kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mwenza akakiri kosa la chini kidogo akawa shahidi wa serikali. Mama akahukumiwa kifo 1992, hukumu ikatenguliwa, akahukumiwa kifo tena, ikatenguliwa tena, na kesi ya tatu mwaka 2017 ikaishia kifungo cha maisha.

Díaz alikuwa mtoto katika mji huo huo wakati huo. Siku zile kila nyumba ilikuwa inazungumzia yule mama shetani. Unajua mtoto wa mama mgonjwa anasikia nini hapo? Anasikia habari za mama yake. Hilo watu wengi wameliona.

Mimi nimeona la pili, na hili ni langu, msimsingizie mwandishi. Huyu ni msichana ambaye karibuni ataanza kugundua kwamba anapenda wasichana. Hajawahi kuona wanawake wawili wanaopendana popote, si nyumbani, si kanisani, si kwenye tamthilia za televisheni. Halafu siku anawaona kwa mara ya kwanza, wako kwenye habari, wamefungwa pingu, na katikati yao kuna mtoto aliyekufa. Magazeti hayakuacha kutaja kwamba walikuwa wapenzi, utadhani hilo lilikuwa sehemu ya kosa. Wewe ungefungua mdomo useme "na mimi niko hivyo"? Ndiyo maana sikubali kwamba habari ile imepachikwa. Itoe, na ukimya wake wa miaka yote ile hauna chanzo.

Kalamu Nyeusi

Dah. Hilo sikuliona.

Mswahili Halisi

Bado sikubaliani na mambo yenu, ila hicho kisa cha mtoto nimekitafuta nikakisoma. Mungu atusamehe.

Mkaazi wa Florida

Niongezee na ukimya wa jeshini. Wakati anaingia jeshi la majini kulikuwa na sheria ya "usiulize, usiseme". Ilianza miaka ya mwanzo ya utawala wa Clinton, ikafutwa 2011. Maana yake ulikuwa unaruhusiwa kuwepo, mradi usijulikane. Ukijulikana unatolewa. Nina jirani alitumikia miaka ile, aliishi na mwenzake nyumba moja na kazini akimwita binamu.

Nesi Mstaafu

Huyo jirani nisalimie.

Mtu wa Kigamboni

Bibi Msomaji, kwenye kisa cha mtoto umenibana, nitakirudia. Kwenye mpangilio bado nipo palepale. Robo ya mwisho, anaporudi Puerto Rico akiwa mtu mzima, inakimbia mno. Miaka ya utoto tumeitafuna taratibu, kisha ghafla amekuwa mwandishi, ana wanafunzi, anasafiri. Alipataje hiyo elimu mtu aliyeacha shule? Alijifunzaje kuandika? Kwangu hilo ndilo jambo nililolipia hela, na kanipa kurasa chache.

Bibi Msomaji

Hapo tuko pamoja. Nilitaka kujua zaidi. Nadhani aliona tukianza kuhesabu vyeti hadithi itageuka kuwa ya "nilikuwa maskini, sasa tazameni", na anaikwepa hiyo kama ukoma. Lakini kuikwepa siyo lazima kuruka. Angeweza kutuonyesha chumba kimoja tu, meza, karatasi, yeye na sentensi inayogoma.

Kalamu Nyeusi

Kwa mtu mwenye nafasi ndogo, nianzie wapi kumsomesha mdogo wangu? Yuko kidato cha sita, anapenda kusoma, mambo mazito anayaweza.

Bibi Msomaji

Asianze na ukurasa wa kwanza. Mpe kwanza sura yenye jina la kitabu, ilishawahi kusimama peke yake kama insha kabla ya kitabu, hivyo haitamchanganya. Mwambie mapema kwamba inazungumzia kujiua, usimwachie akutane nalo mwenyewe usiku. Ikimshika, ndipo arudi Ciales kwenye mazishi. Kisa cha mtoto mwachie kwa sasa.

Nesi Mstaafu

Na akishasoma mkae mzungumze. Usimuulize "umejifunza nini". Muulize yupi kati ya wale wasichana angemfungulia mlango usiku.

Mtu wa Kigamboni

Ndiyo hapo sasa, Nesi. Mdogo wake atakwambia hakumbuki majina, kama mimi. Narudi kuisoma hiyo sura, nikishindwa tena kuwatofautisha nakuja hapa kubisha.